Mtafiti Asiyeamini Ndiyo ya Kwanza

Ile siku ya Masumbwe ilitugharimu mguu mmoja na pampu moja. Nimehesabu mara mbili. Pampu ilipatikana nyingine huko Kahama, imetumika lakini inavuta. Mguu haukupatikana mwingine. Mwenye mguu ni Shija, mchimbaji mzaliwa wa Samuye, na yeye mwenyewe hanung'uniki sana. Wanaonung'unika ni sisi tuliokuwa juu ya shimo, tumesimama kwa miguu yote miwili. Na kati yetu yupo mmoja ambaye hanung'uniki kwa sauti, ila tangu siku ile hajawa yule tuliyemzoea. Huyo ndiye ninayetaka kumweleza.

Hapa mtaani Ngokolo tunamwita Mtafiti. Jina analo, lakini nadhani hata yeye akiitwa kwa jina hilo barabarani angegeuka wa mwisho. Ukimuuliza muuza mkaa kwa Mtafiti ni wapi, atakuonyesha nyumba yenye paneli za jua nyingi kuliko zahanati. Paneli hizo nilimuuzia mimi, na ndivyo tulivyojuana. Mimi ni dalali wa mashine: betri, jenereta, mota za karasha la kusagia mawe, chochote chenye waya na mtu wa kukihitaji. Yeye alihitaji umeme usiokatika, kwa sababu kompyuta zake zilikuwa zinasoma.

"Zinasoma nini?" nilimuuliza siku ya kwanza, nikiwa juu ya bati na bisibisi mdomoni.

"Lugha za watu."

"Za watu gani?"

"Wa mbali. Shuka kwanza, utaanguka ukiniuliza."

Alisomea Uchina, akakaa huko miaka, akarudi na kazi mkononi: kuifundisha kompyuta kutafsiri lugha za Asia. Si kile Kichina cha kwenye televisheni. Hicho, alisema, kimeshiba. Za kwake ni lugha ndogo za milimani, za wakulima wa mpunga ambao hawajaandikiwa vitabu, kwa hiyo kompyuta haina cha kusoma. Inabidi mtu aseme, sauti irekodiwe, anayejua lugha aeleze maana, kompyuta ilinganishe hiki na kile, na hivyo hivyo mpaka siku moja ithubutu kutafsiri yenyewe. Chuo kimoja cha nje kilimpa kazi hiyo, naye akaifanyia sebuleni, kanga kiunoni, bakuli la michembe pembeni. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ndiyo saa yake. Akitafuna polepole kazi inakwenda. Akitafuna haraka, usimsemeshe.

Majirani walimsumbua kwa swali moja: mbona asiifundishe Kisukuma? Walimuuliza kanisani, walimuuliza kwenye foleni ya maji, mpaka mama yake mzazi akamuuliza. Alikuwa na majibu mawili. La watu wa kanisani lilikuwa kwamba Kisukuma kina wenyewe wengi na wengine watakifanyia. La kwangu, siku moja jua likitua na umeme wa gridi umekatika mtaa mzima isipokuwa kwake, lilikuwa fupi zaidi: "Kisukuma nikikosea, mayu atanisikia." Mayu ni mama. Mwanamke amesoma kuliko mtaa mzima, anamwogopa mama yake, bibi kizee wa kijijini Samuye ambaye hajui hata kuwasha simu. Na wapwa zake, aliowalea mwenyewe humo ndani, Kisukuma hawakijui zaidi ya salamu. Hilo nililihesabu, sikulisema.

Kwenye bei alikuwa kichekesho. Nilimpelekea betri, nikataja bei ya kuanzia, ile ambayo kila mtu anajua ni ya kuanzia. Akasema, "Sawa," akaenda kuchukua pesa. Sijawahi kudhalilishwa namna ile. Nilibaki nimesimama na hoja zangu zote tumboni. Ikabidi nijipunguzie mwenyewe, maana ningelala na aibu.

Lakini mtu huyo huyo aliyekubali bei ya kwanza, ndiyo ya kwanza haikubali kabisa. Ya mtu yeyote. Fundi wa paa alimwambia atakuja Jumatano. Mtafiti akamrudishia: "Utakuja Jumatano." Fundi akasema eeh. Mtafiti akatafuna kidogo, akasema, "Kwa hiyo Jumatano nisikae nyumbani kukusubiri."

"Eeh mama, usikae."

Fundi alipoondoka, Mtafiti akaniambia, "Huyo haji." Na hakuja.

Hilo alilitoa kwao Samuye. Zamani, mama yake alipotaka kumtuma mtoto kwa ndugu kijiji cha pili, hakumwachia aondoke mbio. Mtoto alisimama mbele yake akaurudisha ujumbe neno kwa neno. Akimaliza, mama aliugeuza makusudi: "Kwa hiyo unakwenda kumwambia mjomba ng'ombe wamepona?" Mtoto akijibu "eeh mayu" kwa sababu anataka kwenda kucheza, anakalishwa chini, ujumbe unaanza upya. Akisema "hapana, ng'ombe wanaumwa," hapo ndipo anapewa njia. Watoto wa nyumba ile walichelewa kila mahali, lakini hakuna ujumbe wao uliopotea.

Mtafiti akaichukua kawaida hiyo akaiingiza kwenye kompyuta. Mashine yake ikishatafsiri, haikupi tafsiri uondoke nayo. Kwanza inamrudishia msemaji kwa lugha yake: je, umesema hivi? Akikubali, inamgeuzia: kwa hiyo umesema kinyume cha hivi? Asipokataa, kazi inaanza upya. Wenzake wa chuoni walilalamika kwamba inachosha. Yeye alisema, "Mashine haijui kitu. Inakisia, halafu inasema kwa sauti ya mtu anayejua. Sauti hiyo ndiyo ninayoiogopa."

Sasa, mimi ndiye niliyempeleka Masumbwe, na sikufanya hivyo kwa wema. Kwenye machimbo ya huko kulikuwa na mafundi watatu wa mashine waliotoka Uchina, wote wa kijiji kimoja. Niliwasikia wakisemezana, nikawarekodi kwa simu, na nikamwona Mchina mwingine, muuza vipuri wa Kahama, amewakodolea macho kama mimi, haelewi kitu. Nikajisemea, hii ni mali ya Mtafiti. Nilimpelekea habari, na kweli, alipozisikia sauti zao kwenye simu yangu aliacha kutafuna kabisa. Lugha ile ile ya milimani. Alikuwa akiitafuta kwa nauli ya ndege, kumbe ipo Masumbwe inafunga nati.

Nilichotaka ni mashine hiyo inisaidie kununua mota kutoka kwa mafundi hao. Aliniruhusu mara moja tu. Kila bei niliyotaja ilirudishwa, kisha ikageuzwa, na kila ilipogeuzwa jamaa alipata nafasi ya kufikiri. Mtu akipata nafasi ya kufikiri, bei haishuki. Nilinunua mota ile kwa bei ambayo hata leo sitaitaja.

Mkubwa wa mafundi wale tulimwita Mzee Spana. Mtu mwembamba, mkimya, sigara sikioni, Kiswahili chake ni cha kazi tu: washa, zima, kesho, si nzuri. Mtafiti alikwenda kwake kila mwezi, anakaa juu ya dumu, kinasa sauti kwenye paja, mzee anasimulia huku anafungua injini. Mikono ilikuwa na grisi wakati wote, naye hakupenda kuacha kazi ili ajibu mashine. Wakaelewana: mashine ikimrudishia maneno yake na yakiwa sawa, anagonga spana mara moja kwenye chuma. Yakiwa si sawa, anaendelea na kazi kimya. Ko, maana yake ndiyo. Kimya, maana yake hapana. Wachimbaji walipita wakicheka: "Mama, huyo mzee unamfundisha ngoma?" Naye akajibu, "Ananifundisha mimi."

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la kichwani. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa na stata, kile kifaa cha kuwashia injini, ya kumpelekea mtu, yeye na kompyuta yake. Kabla hatujashuka kwenye gari tulisikia makelele ya watu wanaosema wote kwa pamoja, na mtu wa machimbo hahitaji kuambiwa kelele za namna hiyo ni za nini.

Ndani ya duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia, walikuwa watatu: Shija, Masanja na Kulwa. Pampu ilikuwa imesimama na maji yanapanda. Gogo moja la matimba, zile nguzo zinazoshikilia kuta, lilikuwa limeanguka likambana Shija mguu. Juu, Mzee Spana alikuwa amelala chini, kichwa kinavuja damu. Alikuwa amezima jenereta mwenyewe, ghafla, akaanza kuuvuta waya wa pampu, na wakati anauvuta kamba ya winchi ikakatika ikamchapa. Kwa nini aliizima, hakuna aliyejua. Mafundi wenzake wawili walikuwa Kahama kufuata vipuri, simu zao zinaita tu.

Msimamizi wa duara alikuwa tayari kwenye jenereta. "Nawasha," alisema. "Maji yashuke, tukate gogo, tumtoe mtu."

Ilikuwa akili ya kawaida. Njia nyingine ilikuwa kushusha watu wanne na jeki kwa ngazi, waliinue gogo ndani ya maji, na kuta zile zimeshalegea. Msimamizi hakutaka kuongeza watu kwenye shimo linalojaa, kama pampu ingeweza kuyamaliza maji. Ungekuwa wewe, ungewasha. Mimi ningewasha.

Lakini Mzee Spana alipouona mkono wake kwenye jenereta, akaanza kusema. Kiswahili chake chote kilikuwa kimeondoka na lile pigo. Hakikubaki hata "zima." Alisema kwa lugha ya kwao, kwa kukatikakatika, macho yanafumba na kufumbua, na mkono wa kuonyeshea ulikuwa umevunjika.

"Anasema nini?" Msimamizi aliuliza, na kila mtu akamtazama Mtafiti.

Alikuwa ameshapiga magoti. Kompyuta ilisikiliza, ikakaa, ikatoa: Washeni upesi, maji yanapanda.

"Si hayo!" Msimamizi akashika mtambo.

"Bado."

"Bado nini, mama? Imesema washeni!"

"Imesema yenyewe. Yeye sijamrudishia."

Kutoka chini ilikuja sauti ya Masanja: "Maji kiunoni! Mnafanya nini huko juu?"

Mtafiti alichukua spana kwenye sanduku, akaiweka kwenye mkono mzima wa mzee, akausogeza mkono ule mpaka kwenye dumu la chuma. Akasema, "Nyamazeni." Watu wa machimbo hawanyamazi, lakini walinyamaza. Mashine ikamrudishia mzee: umesema tuwashe?

Spana haikugonga.

Mzee akafumbua macho, akasema tena, safari hii kwa urefu, anavuta pumzi kati ya neno na neno. Kompyuta ikakaa. Ikatoa: Msiwashe. Waya umechunika. Uko kwenye maji.

Sikumbuki nani alisema "Yesu wangu." Msimamizi aliachia jenereta kama imemuunguza. Mashine ikamrudishia mzee maneno yale, na tukaisikia sote.

Ko.

"Imetosha!" nilipiga kelele. "Shusheni jeki!"

Mtafiti akainua mkono. "Bado."

"Bado nini tena? Amegonga!"

"Sijageuza."

"Mtafiti, alishakataa kuwasha! Hukumwona?"

"Nimeona ukimya," alisema, hakunitazama. "Huenda mwanzoni hakuwa na nguvu za kugonga. Sasa tumejua anazo, kwa hiyo akinyamaza ni jibu. Huenda amegonga kwa kutetemeka. Kama pampu ni nzima, nashusha bure watu wanne kwenye shimo linaloanguka."

Akabonyeza. Mashine ikamwambia mzee kinyume: waya ni mzima, tuwashe?

Tukasubiri spana isigonge. Kusubiri sauti kunajulikana, sauti ikija umemaliza. Lakini kusubiri ukimya, unasubiri mpaka lini ndipo uwe jibu? Yeye alisubiri. Alikuwa amekodolea macho vile vidole vya mzee kwenye chuma. Chini, Shija alikuwa ameanza kulia kwa sauti ambayo sitaieleza. Watu wawili walikuwa na jeki mabegani, mguu mmoja kwenye ngazi. Mimi nilimtukana Mtafiti, kwa Kisukuma, ili anielewe vizuri.

Ndipo akasema, "Msiwashe. Ng'oeni waya kwenye jenereta kabisa. Shukeni."

Walishuka, wakaliinua gogo, wakawatoa wote watatu, pampu ikabaki chini ya maji. Mzee Spana alipona. Waya ulipovutwa juu ulikuwa umechunika urefu wa mkono, shaba inang'aa, na Masanja akatuonyesha ulipokuwa umening'inia: karibu na mbavu zake. Msimamizi alikaa chini kwenye vumbi.

Shija alikatwa mguu. Daktari alisema ulibanwa kwa dakika nyingi mno. Hakusema zipi.

Masumbwe wamegawanyika. Wapo wanaosema Mtafiti aliokoa watatu, na ni kweli: ile mara ya kwanza, tungewasha. Wapo wanaosema mguu wa Shija uliondoka kwenye ile mara ya mwisho, aliposubiri kitu ambacho sote tulishakijua. Nimeyahesabu yote mawili, kwa mpangilio huu na kwa mpangilio ule, na hayafutani.

Nilimpeleka Samuye kumwona Shija alipotoka hospitali. Hakutaka nimsindikize ndani, nikaingia. Shija alikuwa kwenye kiti, shuka mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, kila moja kwa zamu yake, kama inavyotakiwa. Kisha Shija akauliza, kwa upole kabisa, "Ile mara ya mwisho, mama, ulikuwa unasubiri nini? Dalali anasema mzee alikuwa ameshakubali."

"Nilikuwa nasubiri asigonge."

"Hakugonga?"

"Hakugonga."

Shija akatikisa kichwa polepole. "Basi ulisubiri sana," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake. Nilitamani iwepo. Njia nzima ya kurudi Mtafiti hakutafuna kitu.

Jumamosi hii, yaani leo, nilipita kwake asubuhi kukagua betri ambazo hazikuwa na tatizo.

"Mwangaluka, Mtafiti."

"Mwangaluka, Dalali. Kaa. Leo sinunui."

Kompyuta zilikuwa zimezimwa zote. Sijawahi kuikuta nyumba ile kimya hivyo. Akanimiminia chai, akanieleza. Chuo kile kimeafikiana na watu wa afya wa huko milimani: mashine yake itawekwa kwenye simu za manesi wa vijijini, wale wanaopelekewa wagonjwa wasiojua lugha ya hospitali. Wameijaribu. Manesi wanaipenda, ila wanasema hatua ya kugeuza inawachelewesha, mgonjwa anazidiwa huku simu inauliza maswali ya kipuuzi. Wanataka iondolewe. Kurudisha kubaki, kugeuza kuondoke. Lakini mwenye kazi ni yeye, bila idhini yake haiondoki. Wanataka jibu Jumatatu.

"Ungekuwa wewe?" aliniuliza.

"Mimi ni wa mota."

"Wewe ndiye uliyepiga kelele. Ningekusikiliza, labda Shija ana mguu. Nikiiondoa, mgonjwa wa kule hatasubiri kama Shija alivyosubiri. Halafu siku moja mzee mmoja atatikisa kichwa kwa homa tu, nesi atachukulia amekubali, na hakutakuwa na mtu wa kusema bado." Akazungusha kikombe. "Nimeandika barua ya kukubali. Nimeandika na ya kukataa. Zote mbili nikizisoma naona nimesema kweli."

Nikafanya ninachokijua. "Basi ipunguze. Usiiondoe, ipunguze. Muda wa kusubiri uwe nusu."

"Nusu ya ukimya ni kiasi gani, Dalali?"

Sikuwa na bei. Nikanywa chai iliyokwisha kupoa. Hakunicheka. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hana kawaida nalo, na pale kwenye muuza mkaa akanishika mkono wa shati.

"Sikuulizi kwa adabu," alisema. "Nakuuliza kwa sababu ulikuwepo. Rudi kabla ya Jumatatu uniambie."

Nimekaa mchana kutwa nayapanga na kuyapangua. Jumatatu ni keshokutwa. Mwenye la kumshauri aniambie.